Mkalimani wa Kibokoni na Karani Wake Mpya

Walisema hataweza. Mwenye duka la dawa, ambaye mlango wake ulitazamana na mlango wa nyumba ile, alisema mzee aliyeshindwa kuelewana na saa yake ya mkononi hawezi kuelewana na kompyuta. Shemeji yake mzee huyo alisema hakuna Mzungu atakayeziacha hoteli za ufukweni aje alale Kibokoni, kwenye nyumba ambayo bomba lake hukohoa kabla ya kutoa maji. Mama yangu, ambaye hakumtakia mtu mabaya hata siku moja, alisema tu kwamba Mungu ni mkubwa, kwa sauti ile ambayo maana yake ni kwamba mwanadamu mwenyewe hana lake. Na barazani walisema kwamba kwa kuwa amenichukua mimi kuwa fundi wake, basi wamekutana wawili, mmoja amechoka kwa uzee na mwingine amerudi kutoka Ulaya mikono mitupu.

Aliweza. Nilikuwepo, na sehemu kubwa ya kazi niliifanya mimi, kwa hivyo nina haki ya kuhadithia.

Nitamwita Mkalimani kwa sababu hakuna aliyemwita vinginevyo. Hata hati za nyumba zilipoletwa, watu wa mtaa walishangaa kuona kwamba ana jina. Alikuwa mkalimani wa mahakama tangu enzi za majaji wa Kiingereza waliovaa nywele za bandia katika joto la Mombasa, akaendelea na majaji wetu wenyewe mpaka alipostaafu. Alikaa maisha yake yote katikati ya watu wawili wasioelewana, na kazi hiyo ilimwachia tabia ambazo hakuweza kuzivua hata alipokuwa nyumbani kwake.

Ya kwanza ilikuwa namna yake ya kuzungumza. Alikuwa akisema sentensi moja, fupi, kisha ananyamaza na kutazama kando, kama anayemsubiri mtu aichukue sentensi ile na kuipeleka upande wa pili. Hakuna aliyekuwa akiichukua. Basi husubiri kidogo, kisha huendelea na nyingine. Msibani angemwambia mjane, "Nimepata habari." Kisha kimya. Mjane akidhani amemaliza, angeitikia na kumgeukia mwingine, na huku nyuma yake angesikia, "Nimehuzunika." Kwenye simu ilikuwa balaa. Watu walimkatia wakidhani laini imekufa. Sisi watoto tulimwigiza njiani, mmoja akisema neno na wote tukikaa kimya tukitazama ukuta, na yeye akipita alitupungia mkono bila kujua kwamba ni yeye.

Ya pili ni kwamba hakuzidisha wala hakupunguza. Shahidi mmoja, mchukuzi wa bandarini, alimtukana jaji kwa matusi ya nguoni. Mkalimani aliyafikisha yote kwa Kiingereza, kwa sauti ile ile na kwa mkono ule ule uliorushwa hewani, kisha akarudi kwenye sauti yake na kuomba radhi kwa niaba yake mwenyewe. Kisa hicho alinisimulia zaidi ya mara moja, na kila mara matusi yalikuwa yale yale, kwa mpangilio ule ule. Hapo ndipo nilipojua kwamba ni kweli.

Alijua Kiarabu cha chuo cha Kurani na cha sokoni, Kigujarati cha madukani Makadara, Kiingereza cha mahakamani, na Kiitaliano alichokipata ujanani alipowatafsiria wafungwa wa vita. Kijerumani hakukijua. Jambo hili lilimuuma kuliko alivyokubali, kwa sababu Wajerumani ndio waliojaa pwani. Alipopishana nao njiani alikuwa akitazama viatu vyake, kama mwanafunzi ambaye hakufanya kazi ya nyumbani.

Alikuwa pia na mambo yasiyopatana. Aliishi kwa lugha nyingi lakini hakuvumilia mtu azichanganye, na kijana aliyemwambia kwamba yuko bize alitakiwa airudie sentensi yake tangu mwanzo. Kanzu yake ilipigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe, lakini viatu vyake vilikuwa vya marehemu mtu fulani na vilimzidi. Hakumwazima mtu kalamu yake hata kwa kutia saini. Na papo hapo, ulipofika wakati wa shida, yeye mwenyewe aliazima kutoka kila nyumba ya mtaa bila haya, kwa namna ambayo kila aliyemwazima alijiona ameheshimiwa.

Shida yenyewe ilikuwa nyumba. Ilikuwa nyumba kubwa ya ghorofa, ya ukuta wa matumbawe, yenye ua katikati na mlango wa nakshi, na ilitoka kwa watu wa mkewe. Mkewe alipofariki, kwa kuwa hawakujaliwa mtoto, nyumba ikawa ya warithi: yeye Mkalimani na huyo shemeji yake. Shemeji alikuwa amekwisha kupata mnunuzi, mtu mwenye magodauni Shimanzi aliyetaka kuifanya stoo ya magurudumu ya malori. Ndugu wakakaa kikao. Mkalimani akasema anataka kuifanya nyumba ya wageni. Wakacheka kwa adabu, kisha wakampa muda: ikifika Idi ya kuchinja na vyumba bado ni vitupu, nyumba inauzwa na yeye atafutiwe chumba.

Alinieleza baadaye kwamba hakuogopa kukosa pa kulala. Aliogopa kuona magurudumu yamepangwa kwenye ukumbi ambamo mkewe alikuwa akifukiza udi.

Sasa niseme juu yangu, maana bila mimi hadithi hii haina mguu wa pili. Niliondoka Kibokoni nikiwa mtu wa kutumwatumwa. Uingereza niliosha vyungu vya hoteli, nikasoma, nikapata diploma ya kompyuta bila msaada wa baba wala mjomba. Diploma hiyo iko ukutani kwangu hadi leo, na anayekuja kunitembelea huketi mkabala nayo. Nilirudi katika miaka ya tisini na kompyuta moja ndani ya boksi. Kwenye treni kutoka Nairobi boksi lililala kitandani na mimi nikalala sakafuni. Jamaa walikuja kunilaki, wakalizunguka lile boksi, wakaniuliza gari linakuja lini.

Ni Mkalimani peke yake aliyekuja kuliona boksi lenyewe. Aliketi, akanywa kahawa, akauliza habari za kila mtu nyumbani mpaka mbuzi. Kisha akasema, "Nasikia una mashine."

Nikamjibu kwamba ninayo.

"Nasikia yafika ulimwenguni kote."

Nikasema yafika, ikipata laini ya simu.

Akanyamaza kwa muda wake. "Basi nataka ulimwengu uje kwangu," akasema. "Kabla ya Idi."

Hapo ndipo alipoanza kuazima. Kompyuta aliiazima kwangu. Kwa mama yangu aliazima samadari yetu kubwa, kitanda cha nguzo nne ambacho sisi wenyewe hatukuruhusiwa kukilalia. Vyandarua, mabeseni, feni na viti vilitoka nyumba hii na ile. Laini ya simu aliiazima kwa mwenye duka la dawa, ambaye alikubali, kwa maneno yake, ili aone mwisho wa maskhara haya. Waya ulivuka ujia kutoka dirisha la duka hadi dirisha la Mkalimani, juu ya kamba za nguo, na tuliruhusiwa kuutumia adhuhuri tu, duka likiwa limefungwa kwa chakula na sala. Kila mtu alipomuuliza atakirudisha kitu chake lini, alijibu jibu moja: siku nyumba itakapojitegemea.

Tovuti niliitengeneza mimi. Siku zile neno lenyewe hatukuwa nalo, na Mombasa nzima waliojua kuitengeneza ungeweza kuwakalisha kwenye benchi moja. Picha za ua na mlango wa nakshi nilizipitisha kwenye skana ya duka la picha Makadara. Maneno aliyaandika Mkalimani, kwa Kiingereza, kwa mkono mzuri sana, na aliponikabidhi nilitafuta habari za vyumba nisizione. Ukurasa wote wa kwanza ulikuwa salamu. Alimsalimu mgeni, akamuuliza afya yake, akamuuliza wazazi wake, mkewe, watoto wake, jirani zake, usingizi wake na safari yake. Vyumba vilikuja nyuma, kama jambo lililokumbukwa mlangoni.

Nikamweleza, kwa heshima, kwamba mtandaoni watu hawakai. Nilifundishwa hivyo. Mtu akifungua ukurasa ataka kuona kitanda, choo na bei, na asipoviona huenda zake.

"Ami," nikamwambia, kama tulivyowaita wazee wote wa rika la baba, "diploma yangu yasema tuanze na chumba."

"Na diploma yako yasema mgeni asisalimiwe?"

Nikaziacha salamu. Watu wa hoteli za ufukweni walikuwa na ukurasa wenye mwanamke aliyelala kwenye kiti. Sisi tulikuwa na maswali kuhusu mama mzazi.

Wiki zikapita bila barua hata moja. Mimi ndiye niliyegundua kasoro: tulikuwa tunawaita Wajerumani, Wataliano na Wafaransa kwa lugha isiyo yao. Na mimi ndiye niliyegundua dawa. Mtandaoni kulikuwa kumeanza huduma moja ya bure, changa kabisa, ambayo ukiipa anwani ya ukurasa wako wa Kiingereza hukurudishia ukurasa huo huo kwa Kijerumani, Kifaransa au Kiitaliano, papo hapo, bila mtu kushika kalamu. Haikuwa kwenye masomo yangu kwa sababu nilipokuwa nasoma haikuwa imezaliwa. Nilikaa nayo adhuhuri nyingi mpaka nikaelewa jinsi ya kuifunga kwenye tovuti yetu, nikatengeneza vitufe vitatu, kila kimoja na bendera yake, ili mgeni abonyeze mara moja tu na nyumba imsemeshe kwa lugha ya mamake.

Niliogopa kumwambia. Nilidhani mtu aliyekula mkate wake kwa ukalimani ataona nimemletea mrithi naye angali hai. Nilipomaliza kueleza alikaa kimya zaidi ya kawaida yake, kisha akauliza swali moja tu: kama Kijerumani pia inakijua. Niliposema inakijua, alikwenda kubadilisha kanzu.

Siku ya kujaribu, mwenye duka la dawa alivuka ujia na funguo zake mkononi, akasimama nyuma yetu. Nikabonyeza bendera ya Italia. Modemu ikalia kilio chake, tukasubiri, ukurasa ukashuka mstari kwa mstari. Mkalimani akavaa miwani akasoma. Akanyamaza, na sisi tukadhani ni kule kunyamaza kwake. Kumbe alikuwa akijizuia. Alicheka mpaka kofia ikaanguka.

Kiingereza chake kilikuwa cha mahakamani, sentensi moja ina mafundo kama wavu, na mashine ilipokifumua haikujua nani anamfanyia nani. Kwa Kiitaliano kile, wageni ndio wangempikia mwenye nyumba chakula cha asubuhi na kumuombea dua kila wakiamka. Tena jina la nyumba, ambalo nililichora kwa herufi za mapambo kama picha, lilibaki Kiingereza vile vile, kwa sababu mashine husoma maandishi na haisomi picha.

Mwenye duka la dawa akasema alikwishasema. Akaongeza kwamba Ijumaa angependa kurudishiwa waya wake.

Niliona uso wangu unawaka. Lakini Mkalimani alikuwa akiifuta miwani yake taratibu. Akasema, "Ni karani mpya huyu." Kimya. "Siku yangu ya kwanza mahakamani nilimwita jaji kwa jina la mshtakiwa." Kimya. "Hawakunifukuza."

Tangu siku hiyo mashine ile iliitwa Karani. Mkalimani aliisalimu asubuhi, akaikemea ilipokosea, akaisifu mbele za watu ilipofanya vyema. Waya tuliruhusiwa kubaki nao, maana mwenye duka alikuwa ameanza kunogewa.

Herufi za mapambo nilizifuta siku hiyo hiyo nikaandika jina kwa maandishi ya kawaida. Sentensi ndizo zilizobaki. Kwa Kiitaliano angeweza kumsahihisha Karani kwa macho yake, lakini kwa Kijerumani sote tulikuwa vipofu. Ungejuaje kama Karani amesema ulilomtuma?

Hapa ndipo tulipogombana, mimi na yeye, hadi mwisho. Mama alikuwa amempelekea sahani ya mkate wa sinia. Kwetu sahani ya jirani hairudishwi ikiwa tupu. Utatia chochote ulicho nacho, hata kama ni kidogo. Mkalimani aliijaza tende, akanipa niirudishe, kisha akanishika mkono kabla sijaondoka.

"Mwambie Karani airudishe," akasema.

Nikauliza airudishe nini.

"Sentensi. Atutolee Kijerumani. Kisha Kijerumani kile kile akirudishe Kiingereza. Tutazame sahani yarudi na nini."

Nasema wazi kwamba wazo hilo lilikuwa njiani kunijia; lilikuwa limefika mlangoni. Yeye alidai hadi mwisho kwamba ni lake peke yake. Kwa kuwa ninayeandika ni mimi, nitasema lilikuwa letu sote wawili. Lakini hili la pili ni langu mwenyewe na hakulikana hata mbele za watu. Sentensi zake nyingi zilirudi zimeharibika, alizipunguza na bado zikarudi zimeharibika, naye akaanza kukata tamaa. Nikamwambia, "Ami, unaandika kama wakili. Andika unavyozungumza."

Akanitazama.

"Sema moja. Tia nukta. Nyamaza."

Ndivyo ilivyokuwa. Ile tabia iliyochekwa mtaani miaka yote ndiyo Karani aliyokuwa akiihitaji. Tulikaa adhuhuri baada ya adhuhuri, yeye akisema, mimi nikiandika, Karani akipeleka na kurudisha. Sahani iliporudi ilivyokwenda, tuliiacha sentensi ikae. Iliporudi imepungua, aliikata vipande viwili. Mwenye duka la dawa akawa analetewa chakula chake kwenye chumba chetu, na yeye ndiye aliyekuwa akitangaza, mdomo umejaa wali, kwamba hii imerudi nzima.

Salamu sikuthubutu kuziondoa, ila zilinywea zikawa za kupendeza. Amani iwe juu yako. Hujambo? Mama yako hajambo? Baba yako hajambo? Watoto wako hawajambo? Safari yako ilikuwaje? Karibu. Zilikwenda Kijerumani zikarudi zote salama, hakuna hata moja iliyochubuka.

Kisha tukangoja. Kaskazi ilikuwa imeshika na wageni walikuwa wamejaa ufukweni, na Kibokoni hakuna aliyekuja. Idi ikakaribia. Siku moja nilimkuta mtu wa yule mnunuzi wa Shimanzi yuko ukumbini na utepe wa kupimia, akihesabu magurudumu mangapi yataingia ukutani. Shemeji alikuwa ameshika ncha moja ya utepe. Mkalimani aliwapitia katikati na birika lake la kahawa, akawakaribisha, akauliza habari za nyumbani kwao.

Alipanda juu akaketi mbele ya kompyuta iliyozimwa. Aliniambia, kwa upole, kwamba labda ulimwengu una kazi nyingi. Ndiyo mara pekee niliyomwona amejikunja ndani ya kanzu yake.

Barua pepe ya kwanza iliingia adhuhuri ya wiki ile. Ilikuwa ya Kijerumani. Nikampa Karani, Karani akaitoa Kiingereza, na Mkalimani akaisoma kwa sauti, akatufasiria pale pale kwa Kiswahili, mimi na mwenye duka, bila kuzidisha wala kupunguza:

"Sijambo. Mama yangu hajambo sana, amepasuliwa goti. Baba yangu amefariki. Watoto ni wawili. Yule mdogo hapendi shule. Safari bado sijasafiri, kwa hivyo siwezi kusema ilikuwaje. Wewe hujambo? Je, kuna vyumba vya watu watano, pamoja na mama?"

Akaivua miwani. "Amejibu," akasema. Kimya. "Amejibu yote."

Mwenye duka la dawa alisimama akaenda dirishani, akaanza kuukaza ule waya mahali ulipofungwa, kama anayehofia usianguke.

Mimi nilitaka tumjibu upesi kwamba vyumba vipo. Mkalimani akasema kwanza goti. Tukaandika pole ya goti, tukaandika kwamba mama atapewa chumba cha chini asipande ngazi, tukaandika kwamba mtoto mdogo hatalazimishwa kusoma chochote. Vyumba vikaja mwisho. Sahani ikaenda ikarudi, ikaenda ikarudi, na tukaituma. Jibu la kukubali likaja kesho yake.

Baada ya huyo walifuata wengine, na nakwambieni kweli, takriban wote walijibu maswali. Bibi mmoja wa Kifaransa alieleza usingizi wake kwa kirefu. Mtaliano mmoja alituandikia habari za jirani zake, wote, pamoja na yule asiyesema naye. Walikuwa watu waliozoea kuulizwa jina, tarehe na idadi ya vitanda, na nyumba moja Mombasa ilikuwa imewauliza mama zao. Niwe mkweli, diploma yangu haikuyaona haya. Lakini bila diploma yangu yasingefika, na bila vitufe vitatu maswali yale yangebaki yanazunguka Kibokoni tu, mahali ambapo kila mtu ana majibu tayari.

Wajerumani wa goti walifika kabla ya Idi, na siku chache baadaye shemeji akamleta mnunuzi mwenyewe kumaliza mazungumzo. Nilikuwepo mlangoni. Kwenye baraza ya ndani alikuwa ameketi yule mama Mjerumani, mguu wake umewekwa juu ya mto, na mkabala naye Mkalimani. Hakujua neno la lugha yake, naye hakujua la kwetu, na Karani alikuwa juu, amezimwa. Mkalimani alisema sentensi moja kwa Kiswahili, akanyamaza, akatazama kando. Na ndani ya kimya kile mama akasema sentensi moja ya Kijerumani, akanyamaza naye. Mkalimani akasema yake. Mama akasema yake. Waliendelea hivyo, bila haraka, mpaka kahawa ikaisha na nyingine ikaletwa. Maisha yake yote alikuwa akiacha nafasi ile kwa ajili ya mtu, na hatimaye mtu alikuwa amekuja kuikalia.

Shemeji alitazama kwa muda. Ghorofani watoto walikuwa wakikimbizana kwa vicheko, na kwenye kamba ya uani zilianikwa taulo za rangi ambazo nyumba ile haikuwahi kuziona. Kisha akamgeukia mnunuzi.

"Bwana, twende nikuonyeshe nyumba nyingine," akamwambia. "Hii ina watu."

Nyumba haikuuzwa. Imesimama hadi leo, na shemeji mwenyewe alikuwa wa kwanza kuwasimulia watu kwamba wazo la wageni lilitoka kwenye ukoo wao.

Mara ya mwisho niliyokaa naye vizuri, kabla sijahamia Nairobi kwa kazi kubwa zaidi, ilikuwa siku aliyorudisha vya watu. Msimu mwingine ulikuwa umepita, vyumba vimejaa na kumwagika, na alikuwa amekwisha kujinunulia vyake. Alikodi mkokoteni, akavaa kanzu ile inayosimama yenyewe, akatembea mbele, na mkokoteni ukamfuata ujia kwa ujia kama arusi. Watu walitoka madirishani. Hakuna kitu kilichorudi kitupu. Mabeseni yalirudi na maembe, vyandarua vilirudi na mafuta ya mawaridi, kila feni ilirudi na halua juu yake. Samadari ya mama ilirudi na godoro jipya la sufi, na Mkalimani akasema, "Nimerudisha." Kimya. Mama, ambaye sasa alikuwa amemzoea, alingoja. "Ahsante," akamalizia.

Mwenye duka la dawa alirudishiwa waya wake, umekunjwa vizuri, na juu yake saa ya ukutani. Aliuliza saa ya nini.

"Ulisema sielewani na saa," Mkalimani akamjibu. "Elewana nayo wewe." Ujia mzima ukacheka, na mwenye duka akacheka kuliko wote, akaitundika pale pale juu ya rafu za dawa.

Mimi nilikuwa wa mwisho. Boksi langu lile lile la treni lilishushwa mlangoni kwetu. Nililitazama kwa juu nikaona hakuna kitu, si halua wala embe, nikajisemea kwamba amechoka, au amesahau. Aliona nilichokuwa nikitazama.

"Iwashe," akasema.

Nikaiunganisha, nikaiwasha. Ndani kulikuwa na ukurasa mmoja mpya wa tovuti yetu, ambao sikuutengeneza mimi. Aliuandika mwenyewe, kwa kidole kimoja, sijui kwa siku ngapi. Ulikuwa kwa Kiswahili. Lugha ile Karani hakuijua. Hakuna mashine yoyote iliyoijua siku zile. Mkalimani alikuwa amerudi kazini kwa mara ya mwisho, akaifasiri nyumba yake yote, ua, vyumba, bomba linalokohoa, sentensi moja kila mstari, na baina ya mstari na mstari aliacha nafasi nyeupe.

Mama, ambaye Kiingereza hakukisoma, alivuta kiti akausoma kwa sauti tangu juu. Amani iwe juu yako. Hujambo? Alipofika kwenye swali la safari alitua, akanigeukia. Tangu nirudi kutoka Uingereza watu walikuwa wameniuliza nimeleta nini. Safari ilikuwaje hakuna aliyekuwa ameniuliza.

Mkalimani alikuwa amesimama mlangoni, anatazama kando, anangoja.

"Ilikuwa ndefu, Ami," nikamwambia. "Lakini nimefika."

Akaitikia kwa kichwa, kama anayesikia kwamba sahani imerudi nzima, akaondoka na mkokoteni wake mtupu. Adhuhuri ya siku ya pili nilikwenda kwake na kukitengeneza kitufe cha nne, chenye bendera yetu, nikakibandika mbele ya vile vitatu. Kilifanya kazi mara ya kwanza nilipokibonyeza.